Swali la duara lisilo na pembe mraba: ichore mwenyewe

Wanafunzi wa tuisheni wakikutana na swali la duara ambalo mchoro wake hauna pembe mraba hata moja, wengi huanza kupapasa kanuni walizokariri. Acha kanuni kwanza. Shika rula, ongeza mstari mmoja, na swali litageuka kuwa la pembetatu mbili zinazofanana.

Duara hukupa pembe ya nyuzi 90 sehemu tatu. Ya kwanza ni pembe iliyosimama juu ya kipenyo, jambo ambalo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alilithibitisha katika Kitabu cha III cha Elements, pendekezo la 31. Ya pili ni pale nusukipenyo inapokutana na tanjenti, yaani mstari unaoligusa duara kwenye nukta moja tu. Ya tatu hupatikana ukiunganisha nukta mbili za duara, kisha ukavuta mstari kutoka kitovu hadi katikati ya kipande hicho. Kwa maoni yangu ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwa sababu mara nyingi kipenyo chenyewe hakijachorwa.

Tufanye swali. Pembetatu ABC ina AB = 13, BC = 14, AC = 15. Duara linapita kwenye kona zote tatu. Tafuta nusukipenyo chake.

Hatua ya 1. Shusha kimo kutoka A hadi D kwenye BC. Kinaigawa BC kuwa BD = 5 na DC = 9, na AD = 12. Hakiki: 25 + 144 = 169, na 81 + 144 = 225. Sasa una pembe mraba moja, pale D.

Hatua ya 2. Chora kipenyo kinachoanzia A, kipite kwenye kitovu, kiishie E upande wa pili wa duara. Unganisha B na E. Pembe ABE imesimama juu ya kipenyo AE, kwa hiyo ni nyuzi 90. Hapa ndipo swali linapovunjika. Kazi iliyobaki ni hesabu tu.

Hatua ya 3. Tafuta pembe kali moja inayolingana. Pembe AEB na pembe ACB zinaegemea tao moja, AB, tena E na C ziko upande mmoja wa mstari AB. Basi ni sawa. Pembe mbili zikilingana, ya tatu haina pa kukimbilia: pembetatu ABE inafanana na ADC.

Hatua ya 4. Andika herufi kwa mpangilio wa kufuatana: A kwa A, B kwa D, E kwa C. Usiandike ABE na ACD, maana uwiano wote utapinduka na hutajua ulipotelea wapi. Kwa mpangilio sahihi:

AB/AD = AE/AC
13/12 = AE/15
AE = 195/12 = 16.25

Nusukipenyo ni 8.125.

Pembe ya C ingekuwa butu, D ingeangukia nje ya BC, lakini pembetatu zingefanana vilevile. Mchoro tu ndio ungekuwa na sura mbaya.

Duara likiwa ndani ya pembetatu na kugusa pande zote tatu, tumia tanjenti kutafuta nusukipenyo chake, r. Chukua AB = AC = 13 na BC = 10. Kimo AD ni 12, DB ni 5, na kitovu O kiko juu ya kimo hicho. Duara linaigusa AB kwenye F, kwa hiyo OF inakutana na AB kwa nyuzi 90. Pembe ya A ni ya pembetatu zote mbili, AFO na ADB, kwa hiyo zinafanana. Kwa kuwa AO = 12 − r:

r/5 = (12 − r)/13
13r = 60 − 5r
r = 10/3

Hakiki kwa njia nyingine: eneo ni 60, nusu ya mzingo ni 18, na 60 ÷ 18 ni 10/3.

Zoezi: AB ni kipenyo, C iko kwenye duara. Kutoka C shusha mstari unaokutana na AB kwa pembe mraba, kwenye D. AD = 4, DB = 9. Tafuta CD. Jibu ni 6, ukipata 6.5, umetaja nusukipenyo.