Kunasa Mwandiko na Michoro kutoka Karatasi ya Kawaida

Kibao cha kunasa mwandiko, yaani ubao wa kielektroniki unaowekwa chini ya karatasi ili unachoandika kiingie pia kwenye simu, hakioni karatasi wala wino. Kinachofuatilia ni kalamu yake tu. Katika vibao kama Bamboo Slate ya Wacom, chini ya uso kuna nyaya zinazotoa uga wa sumaku-umeme, na ndani ya kalamu kuna koili ndogo (waya uliozungushwa) inayouitikia. Wino hubaki karatasini, njia iliyopitiwa na ncha huingia kwenye kumbukumbu. Karibu kila hitilafu chanzo chake ni hapo.

Kwanza pima unene wa daftari. Bamboo Slate hupokea hadi milimita 8, yaani takriban karatasi 80. Ukizidisha, ncha huwa mbali mno na mistari hukatika. Daftari nene ligawe: weka juu ya kibao fungu dogo la kurasa, zilizobaki zilalie pembeni. Vibanio vya chuma na waya wa daftari la ond (lililofungwa kwa waya wa kujizungusha) visikae juu ya eneo la kuandikia, kwani chuma huuvuruga uga na mistari hupinda. Kwa sababu hiyohiyo, rula iwe ya plastiki au mbao, na simu ikae kando.

Kisha unganisha kibao na simu kwa bluetooth, fungua programu yake, na uchore msalaba mdogo sentimita 1 kutoka kila kona ya karatasi. Msalaba usipoonekana kwenye skrini, kona hiyo iko nje ya eneo. Sogeza karatasi, kisha ibane isicheze. Hili usiliruke unapochora. Karatasi ikiteleza milimita 5 katikati ya kazi, kila mstari unaofuata utakuwa umehama kiasi hichohicho, na mchoro wa faili hautarekebishika kirahisi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko yote ni kugeuza ukurasa bila kubonyeza kitufe cha kibao. Kibao hakijui kwamba umefunua karatasi mpya, kwa hiyo kurasa mbili hupandana ndani ya faili moja. Jizoeze: bonyeza, subiri taa ithibitishe, ndipo ufunue. Ukirudi kuongeza neno kwenye ukurasa wa zamani, litaingia kama ukurasa mpya. Uunganishe baadaye ndani ya programu.

Kalamu nyingine yoyote itaandika vizuri karatasini na isinaswe hata nukta moja. Ufutaji wa kawaida nao haufiki kwenye faili: ulichokata kwa mstari kitaonekana kimekatwa, na ulichofunika kwa wino mweupe bado kitasomeka. Tumia mrija wa wino wa kipimo kinachotakiwa na kalamu hiyo, na usukume hadi mwisho. Mrija ukilegea, mgandamizo wa ncha haukifikii kihisi na maandishi hayanaswi. Mrija ukikwama ndani, kalamu huacha mistari hata ikiwa imeinuliwa. Wino ukiisha kibao huendelea kunasa, kwa hiyo huhitaji kukatiza wazo lako katikati.

Hifadhi maandishi kwa PDF. Michoro itoe kwa SVG, aina ya faili inayohifadhi mistari yenyewe badala ya picha, kama programu inaruhusu, maana mistari yake hukuzwa bila kuchakaa, tofauti na JPG. Ukitaka mwandiko ugeuzwe kuwa maandishi ya chapa, chagua kwanza lugha kwenye mipangilio, andika kwa mistari iliyonyooka na uache nafasi wazi kati ya maneno.