Somo: Kumjibu farasi wa g5 ukicheza Mweusi (Ulinzi wa Farasi Wawili)

Katika sataranji (chesi), swali hili linarudi kila mara: ukicheza Mweusi, Mweupe akileta farasi g5, ujibu nini? Na jibu ni lile lile. Naliweka hapa, tusiulizane tena. Herufi na namba ni jina la mraba; isipotajwa kipande, kinachosogea ni kitunda (kile kipande kidogo cha mstari wa mbele).

1. e4 e5, Farasi f3, Farasi c6, Askofu c4, Farasi f6.

2. Mweupe: Farasi g5. Wewe: d5.

3. Mweupe anakula d5. Hapa ndipo wengi wanapofia. Mkono unawasha ule kwa farasi. USILE. Atamtoa farasi wake kafara f7, mfalme wako atamla, kisha Malkia f3 ni cheki na papo hapo anamgusa farasi wa d5. Ili usimpoteze, mfalme lazima aende e6. Anayefuata ni Farasi c3, shinikizo juu ya d5 linaongezeka, na maaskofu wako wote wawili bado wamelala. Kompyuta inaweza kujitetea pale. Mtu mwenye dakika kumi kwenye saa, mara chache sana. Cheza Farasi a5, umfukuze askofu.

4. Askofu b5 cheki, c6. Anakula, unakula kwa kitunda cha b. Umepungukiwa kitunda kimoja, usihangaike kukirudisha.

5. Askofu e2, h6. Farasi f3, e4. Farasi e5, Askofu d6. Farasi wake mmoja ameshahama mara nne! Akisukuma d4, kula kwa kupita (en passant: kitunda chako cha e4 kinakula hicho cha d4 na kutua d3), kisha Malkia c7 uitazame h2. Farasi wa a5 usimsahau pembeni, mrudishe kupitia b7.

Maswali

– Mbona nisile tu d5 kwa farasi?
Soma hatua ya 3.

– Nimesoma, ila mimi nilikula nikashinda.
Mpinzani wako hakutoa farasi f7. Atakayeijua atatoa.

– Askofu akirudi a4 badala ya e2?
Swali zuri. Endelea vile vile: h6, e4, na farasi akiruka e5, Malkia d4 anawashika farasi na askofu pamoja. Angalia: farasi akila c6, usimle kwa farasi wako, maana askofu atakula c6 kwa cheki na ngome ya a8 inakwenda. Mle askofu wa a4 kwa malkia.

– Na baada ya h6, farasi akienda h3?
Steinitz, bingwa wa dunia wa wakati huo, alicheza hivyo dhidi ya Mrusi Chigorin kwa telegrafu, 1890–91, akashindwa. Ukimla h3 unamvunjia vitunda, lakini unambakishia maaskofu wawili. Mimi napendelea Askofu c5 kwanza.

– Vipi shambulio la Traxler, yaani kumjibu farasi wa g5 kwa Askofu c5 badala ya d5?
Akila f7 kwa farasi, unatoa askofu f2 na moto unawaka. Akila kwa askofu, ni cheki: mfalme anakwenda e7, kufunga ngome (mfalme kujificha pembeni nyuma ya ngome) basi, na kitunda kimeondoka. Jifunze tawi hilo la pili kwanza.