Somo: Kuendesha pambano gumu mezani, pamoja na maswali ya wanachama

Habari zenu wanakundi. Mara ya kwanza nilipoendesha pambano la zimwi katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nilikuwa nimeliandaa wiki nzima. Liliisha kabla kahawa haijapoa. Wachezaji walifurahi, lakini hakuna aliyeogopa, na hilo liliniuma. Tangu hapo nimekuwa nikitafuta kinacholifanya pambano liwe gumu kweli. Haya ndiyo niliyoyapata.

Natumia kanuni za Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014. Asiye na uwezo wa kununua vitabu asikate tamaa: kanuni zake za msingi zinapatikana bure, na kwa halali, na tangu Januari 2023 ziko pia chini ya leseni huria ya Creative Commons.

Hatua ya 1: Hesabu zamu kabla ya kuhesabu uhai

Zimwi lina uhai 59, kinga 11 (namba ambayo anayelipiga lazima aifikie), na rungu lake likipata huondoa wastani wa uhai 13. Kwenye karatasi linatisha. Sasa liweke mbele ya wahusika wanne wa daraja la 3 (daraja ni ngazi ya uzoefu wa mhusika). Kila mmoja anarusha dadu la pande 20 na kuongeza 5, kwa hiyo akipata 6 au zaidi amepiga. Hiyo ni mara 15 katika 20. Pigo likiwa na wastani wa 8, wote wanne wanaondoa uhai kama 24 kila raundi, yaani kila mara wote wanapokuwa wamepata zamu moja. Raundi ya tatu zimwi liko chini, na muda wote huo limepata zamu mbili au tatu, ambazo huenda moja ikapiga hewa. Lilizidiwa zamu nne kwa moja.

Wengi wakiona hivyo huongeza uhai, 59 ikawa 120. Nawaomba msifanye hivyo. Mnachopata ni pambano refu, na kuanzia raundi ya nne watu wanashika simu. Mimi huacha zimwi na uhai wake uleule, nikaliwekea vibwengo wanne pembeni. Kibwengo ana uhai 7 tu, lakini kinga yake ni 15, yaani mchezaji yuleyule sasa anahitaji 10 au zaidi. Tena kwa kanuni zake anaweza kupiga kisha akajificha au akachomoka katika zamu ileile. Sasa zamu ni tano kwa nne, na wachezaji wanaanza kuulizana: tuanze na nani?

Hatua ya 2: Adui naye awe na shughuli yake

Jiulize adui angekuwa anafanya nini kama wachezaji wasingetokea. Katika mchezo wetu vibwengo walikuwa wanamburuta nahodha kumpakia kwenye mtumbwi, na zimwi lilibaki nyuma kuwazuia wanaofuata. Hakuna aliyekuja pale kufa. Hapo mpiganaji wetu, ambaye kila siku husimama na kukata, ilimbidi achague: amalize zimwi au akimbilie kamba ya mtumbwi. Alisita mpaka mwenzake akamgusa bega. Kwangu mimi, kusita kule ndiko ugumu wenyewe.

Hatua ya 3: Ardhi ipigane

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunachora uwanja mtupu, pande mbili zinakutana katikati, zinatwangana.

Sisi wa Tanga mfano tunao nyumbani. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walishusha Raskazone jeshi la watu kama 8,000, wengi wao kutoka India. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa upande wa Wajerumani, alikuwa na watu kama 1,000, sehemu kubwa akiwa amewaleta kwa reli kutoka Moshi. Kwa kuhesabu vichwa, shauri lilikuwa limekwisha. Lakini waliotoka baharini walipita kwenye mashamba na vichaka ambamo vikosi vilipotezana, wapinzani wao waliokuwa mjini wakaongezewa nguvu kwa treni, na katikati ya risasi nyuki wakavurugwa wakaanza kuuma watu. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini na kuacha silaha nyingi nyuma yao. Watu wengi walipoteza maisha pale, kwa hiyo siyachezi mapigano yale mezani, ila najifunza kwayo.

Yapo mambo matatu pale. Kuna kinachozuia macho. Kuna msaada unaofika pambano likiwa limeshaanza. Na kuna hatari isiyo ya upande wowote, wale nyuki, ambayo mchezaji mwerevu anaweza hata kuigeuzia kwa adui. Kila pambano langu kubwa sasa lina angalau mawili kati ya hayo.

Kwa ufukwe wa mikoko: tope hupunguza mwendo kwa nusu, mizizi inawapa vibwengo pa kujificha, na raundi ya tatu wanatokea vibwengo wengine wawili kwa mtumbwi wa pili. Angalizo kwa wanaopenda kutumia bamvua: raundi moja ni sekunde 6. Usiseme maji yamepanda mita nzima ndani ya pambano, mtu wa pwani hatakubali. Sema bamvua imeshajaa tangu mwanzo, halafu tumia wimbi.

Hatua ya 4: Onya kabla ya kuumiza

Kama zimwi litang'oa nguzo ya gati raundi ijayo, sema sasa hivi kwamba limeikumbatia na mbao zinalia. Aliyeonywa akaanguka atasema amekosea. Asiyeonywa atasema umemwonea, na atakuwa na haki.

Hatua ya 5: Funga mapema

Nahodha akiokolewa, vibwengo waliobaki wakimbie. Usiwalazimishe watu kumsaka wa mwisho mwenye uhai 3. Na dadu zako zirushe hadharani.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Mimi nina wachezaji wawili tu, tena wa daraja la 1. Hesabu hii si itawaua?*

Marahaba. Itawaua, ndiyo. Kibwengo akipiga anaondoa wastani wa uhai 5, na mchawi wa daraja la 1 mara nyingi ana uhai 8 hivi. Mapigo mawili, yuko chini. Wape vibwengo wawili, tena mmoja awe ameshika mzigo asioutaka uanguke. Zimwi lisikike tu kwa mbali.

*Mwanachama, Bagamoyo: Mchawi wetu amefika daraja la 5. Kila pambano anarusha tufe la moto, limekwisha. Nimkataze?*

Usimkataze ndugu yangu, amelifanyia kazi daraja lile. Tufe ni dadu nane za pande sita, wastani 28, na linafunika duara lenye upana wa mita 12 hivi. Watawanye adui zaidi ya hapo, na mateka wawe katikati yao. Pia katika daraja hilo ana nafasi mbili za tufe, na anaweza kurudisha moja tu akipumzika kidogo; zikiisha, mpaka alale usingizi mrefu. Weka mapambano manne kwa siku moja ya mchezo.

*Mwanachama, Pongwe: Tuko sita, raundi moja inakula nusu saa.*

Vibwengo wote wapange zamu moja. Mchezaji arushe dadu la kupiga na la madhara kwa pamoja. Ukimwita mtu, mtaje na anayemfuata, ajiandae.

*Mwanachama, Chumbageni tena: Na mhusika akifa? Kijana wangu mmoja aliondoka na machozi.*

Kwanza hakikisha amekufa kweli. Akifika uhai 0 anarusha dadu la pande 20 kila zamu yake: 10 na kuendelea amefaulu, chini ya hapo amefeli, na 1 inahesabiwa kufeli mara mbili. Akifaulu mara tatu ametulia, akifeli mara tatu amekwenda. Wenzake wana muda wa kumfikia, na mara nyingi hizo ndizo raundi tunazozikumbuka. Akifa, simamisha mchezo, kila mmoja aseme jambo moja alilolifanya yule mhusika. Kisha mkabidhi kijana vibwengo wako wawili awaendeshe mpaka usiku uishe. Wangu alikubali, na akawaendesha vizuri kuliko mimi.