Somo: Kupima fuwele za feroelektriki kwa Raman huku ukizimulika

Swali hili naulizwa faraghani kila mara: nitajuaje kama mwanga umebadili fuwele, au ni joto la leza tu? Sasa naliweka hapa tumalizane. Feroelektriki ni fuwele yenye ncha chanya na hasi za umeme zinazoweza kugeuzwa. Raman ni kumulika kitu kwa leza na kusoma mwanga unaotawanyika; grafu yake ndiyo spektra, na vilele vyake hupimwa kwa cm⁻¹. Mfano ni bariamu titanati: leza ya 532 nm ya kupimia, taa ya 365 nm ya kuichokoza.

1. Hakikisha mashine kwa silikoni. Kilele kikae 520.7 cm⁻¹.

2. Safisha sampuli, ilaze sawa, tafuta fokasi.

3. Pima gizani, yaani taa ya 365 imezimwa, leza tu inawaka. Tafuta kilele chembamba karibu na 305 cm⁻¹, ndicho alama ya hali ya feroelektriki. Vile vinene vya karibu 260 na 515 hubaki hata hali ya feroelektriki ikishatoweka, visikudanganye.

4. Nguvu ya leza. Soma mara mbili. Miliwati 1 ikibanwa kwenye doa la maikromita 1 inapita jua la saa sita pale feri ya Likoni zaidi ya mara milioni. Na bariamu titanati huacha kuwa feroelektriki kwenye nyuzi joto 120 hivi tu. Mtu anafungua leza yote, 305 inapotea, mbio kuandika "mwanga umebadili fuwele". Mwanga gani? Umeipika! Fuwele safi hupitisha kijani, lakini iliyoingia weusi au kasoro hunyonya. Anza na kichujio kinachopitisha asilimia 1 ya leza, panda kidogo kidogo, kisha shuka. Spektra ya kushuka isipolingana na ya kupanda, hama doa.

5. Washa 365, pima. Zima, pima tena. Doa lile lile. Miwani!

6. Rudia bila taa, ukiipasha sampuli moto. Joto husogeza vilele na kuvinenepesha. Domeni (sehemu za fuwele ambazo ncha zake za umeme zinaelekea upande mmoja) zikigeuka kwa pembe ya nyuzi 90, vilele hukaa palepale ila urefu wake hubadilika. Usipofanya hatua hii, usinitumie grafu.

MASWALI

Kijana wa Tudor: Yangu haionyeshi kitu, nifanyeje?
— Sampuli gani? Leza gani? Nguvu ngapi? Rudi hatua ya 3.

Kijana wa Tudor: Lakini kuna kilele kirefu kama sindano, huenda ni kipya?
— Pima tena palepale. Kikipotea, ni mwale kutoka anga za juu uliogonga kamera.

Bi Mdadisi: Shehe, kwa nini leza hiyo hiyo isichokoze pia?
— Swali zuri, dada. Pengo la nishati (nishati ya chini kabisa ya mwanga inayoweza kuchokoza elektroni) la bariamu titanati ni kama eV 3.2, kijani ina 2.33 tu, haifiki. 365 ina 3.4. Kwa bismuthi feriti, feroelektriki nyingine, pengo ni kama 2.7, hata mwanga wa 405 nm unatosha. Tena mwanga mmoja ukifanya kazi zote mbili, huna spektra ya giza ya kulinganishia.

Bi Mdadisi: Na domeni zilizogeuka kwa pembe ya nyuzi 180?
— Raman ya kawaida haizitofautishi, spektra zinafanana. Mpaka utumie njia nyingine.

Fundi Lenzi: Mwambie pia kuhusu kuvu. Unyevu huu wa pwani unakula lenzi.
— Kweli. Lenzi zikae kwenye kasha lililofungwa, pamoja na silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu.

Fundi Lenzi: Jeli ikibadilika rangi msiitupe, ikausheni kwenye oveni.
— Oveni ya maabara lakini, si ya mamako.