Namna ya Kulipima Pengo la Kidijitali Kabla ya Kununua Kifaa Hata Kimoja

Mtu anayekabidhiwa jukumu la kuwafikishia wenzake teknolojia ya kidijitali, awe mwalimu mkuu, kiongozi wa mtaa au mratibu wa shirika dogo, karibu kila mara huanza na orodha ya vifaa: kompyuta ngapi zinunuliwe, vishikwambi vingapi, mnara usimikwe wapi. Orodha hiyo inapaswa kuwa kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza, ambayo huchukua majuma machache na kuhitaji daftari pamoja na watu wawili au watatu wenye subira, ni kulipima pengo la kidijitali, yaani tofauti kati ya wanaoweza kuitumia teknolojia hiyo na wasioweza, kwa kubaini kizuizi kipi hasa kinawakwamisha watu unaokusudia kuwahudumia, kwa kuwa dawa ya kizuizi kimoja haiponyi kingine.

Peru ililipia somo hili kwa gharama kubwa. Nchi hiyo iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa watoto wa shule, chini ya mpango uliotangazwa mwaka 2005 kwa ahadi ya kompyuta ya dola 100 kwa kila mtoto. Utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika uliochapishwa mwaka 2012, uliozihusisha shule 319 za msingi za vijijini, haukuona mabadiliko ya maana katika alama za hisabati na lugha. Kompyuta zilifika na watoto walizitumia, lakini nyingi ya shule hizo hazikuwa na intaneti, na mafunzo ya walimu hayakuwa ya kuwawezesha kuiingiza kompyuta ndani ya somo lenyewe.

Anza, basi, kwa kumtenga mtu asiyefikiwa na mtandao na mtu aliyefikiwa asiyeutumia. Makundi haya mawili huchanganywa mno, ilhali hayalingani hata kidogo kwa ukubwa. Kwa hesabu za GSMA, ambayo ni jumuiya ya kampuni za simu duniani, kufikia mwisho wa mwaka 2023 takriban 4% tu ya watu wote waliishi mahali pasipofikiwa na mtandao wa simu wenye kasi ya kutosha kwa intaneti, wakati takriban 39% waliishi ndani ya eneo lenye mtandao huo bila kuutumia. Kwa maneno mengine, katika sehemu kubwa ya dunia mnara umekwisha kusimama, na tatizo liko chini yake.

Hata hivyo usiamini ramani ya kampuni ya simu bila kuihakiki. Chukua simu ya bei ya chini, ya aina ambayo watu wa hapo wanaitumia, kisha tembea nayo mabondeni, nyuma ya vilima na ndani ya nyumba, kwa sababu ramani nyingi hukadiria mawimbi ya mahali palipo wazi. Rudia kipimo asubuhi na jioni, kwani mnara uliolemewa na watumiaji wengi huonyesha alama zote za mtandao juu ya skrini huku ukurasa mmoja ukichukua dakika nzima kufunguka.

Kisha ingia majumbani. Chagua kaya kwa mpangilio usioweza kuupendelea, kwa mfano kila nyumba ya tano kando ya kila njia, na ufanye mahojiano ana kwa ana. Nimewahi kuona dodoso la kuchunguza ukosefu wa intaneti likisambazwa kwa njia ya intaneti, na waandaaji wakafurahia kugundua kwamba karibu kila aliyejibu alikuwa ameunganishwa. Usiishie kwa mkuu wa kaya pekee. Mwaka 2024 Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulikadiria kwamba 70% ya wanaume duniani walitumia intaneti ikilinganishwa na 65% ya wanawake, na tofauti ya namna hiyo huonekana ndani ya nyumba moja ukimuuliza kila mtu kwa nafasi yake.

Swali la kuepuka ni lile la iwapo mtu anatumia intaneti au hatumii. Kwa takwimu za kimataifa, aliyeitumia angalau mara moja katika miezi 3 iliyopita, popote pale na kwa kifaa chochote, huhesabiwa kuwa mtumiaji. Kwa kipimo hicho, aliyeazima simu ya jirani kwa dakika tano yuko safu moja na mhasibu anayeshinda mtandaoni. Uliza badala yake mara ya mwisho ilikuwa lini, simu ilikuwa ya nani, alitaka kufanya nini, na kama alifanikiwa. Jibu la swali la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Upande wa gharama una kigezo kinachojulikana. Tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi iliweka lengo kwamba, kufikia mwaka 2025, huduma ya msingi isizidi 2% ya wastani wa pato la mtu kwa mwezi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kigezo ni kizuri, ila neno wastani humo linaficha mengi. Tuseme kifurushi kimefikia 2% barabara: mtu ambaye kipato chake ni robo ya wastani huo atakuwa analipa 8% ya anachokipata. Kwa hiyo piga hesabu kwa kipato cha kaya ulizozitembelea, na uongeze gharama ambazo hazimo katika bei ya kifurushi, yaani nauli ya kwenda kuchaji simu pasipo na umeme na bei ya kifaa chenyewe. Zingatia pia kwamba wengi wenye kipato cha kubahatisha hununua data ya siku moja moja, ambayo mara nyingi huwa ghali zaidi kwa kila megabaiti kuliko ya mwezi.

Kuhusu ujuzi, usimuulize mtu kama anajua, maana mwoga atajishusha na anayeona haya kukiri kwamba hajui atajipandisha. Mpe kazi tatu: atafute taarifa anayoihitaji kweli, ajaze fomu fupi, na atambue kati ya jumbe mbili ni upi wa kitapeli. Mtazame bila kumsaidia na uandike pale alipokwama. Wakati mwingine utagundua kwamba kikwazo ni lugha ya ukurasa wala si kidole chake, au kwamba maandishi ni madogo kwa macho yake, au kwamba tovuti ya huduma haisomeki kwa programu ya sauti anayoitegemea asiyeona. Na anayekwambia kuwa hana haja na intaneti msikilize hadi mwisho. Huenda yuko sahihi, kwa kuwa hakuna chochote kilichowekwa humo kinachomhusu.

Ukirudi na daftari lako, andika kando ya kila mhojiwa kizuizi kimoja tu, kile anachokutana nacho kwanza. Ukiandika vyote, kila mtu atakuwa na kila tatizo na hutajua pa kuanzia. Kizuizi kinachojirudia zaidi ndicho kinachoamua fedha ziende wapi. Ikiwa ni ukosefu wa mawimbi, fikiria mtandao unaomilikiwa na jamii yenyewe, kama Guifi.net wa Catalonia, Hispania, ulioanza mwaka 2004 na kukua kwa wakazi kuunganishiana antena kutoka paa hadi paa. Ikiwa ni bei ya data, seva ndogo, yaani kompyuta ya kuhifadhi na kugawa mafaili kwa vifaa vilivyo karibu, iliyopakiwa maktaba ya masomo hutumika bila intaneti kabisa. Programu ya Kiwix, kwa mfano, huwezesha kuisoma Wikipedia nzima nje ya mtandao. Ikiwa ni ujuzi, mlipe mtu wa kukaa na wanafunzi kwa miezi, usimlipe wa semina ya siku mbili. Na ikiwa ni fomu ya ofisi ambayo hakuna anayeielewa, huenda kinachotakiwa ni kuishinikiza ofisi iiandike upya, na kwa hilo huhitaji kununua chochote.

Katika bajeti, tenga fungu la betri, matengenezo na mshahara wa msimamizi kwa angalau miaka mitatu kabla ya kuweka bei ya kifaa cha kwanza. Baada ya mwaka mmoja rudi kwenye nyumba zilezile, kwa maswali yaleyale na kazi zilezile tatu, na ulinganishe majibu mtu kwa mtu.