Kuchoma maiti England na Wales: karatasi, ibada na majivu

Sheria ya England na Wales haizuii ibada nyingi kama familia zinavyodhani. Kinachokwamisha mara nyingi ni ombi kuletwa dakika ya mwisho, kwa mtu asiyehusika. Mwongozo huu unawalenga zaidi Wahindu na Masingasinga, wakiwemo wengi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania wakahamia Leicester na London, ila Waislamu na Wakatoliki nao wana yao humu. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2016, msizichanganye.

Karatasi kwanza. Tangu tarehe 9 Septemba 2024, cheti cha sababu ya kifo hupitiwa na daktari mkaguzi wa vifo (medical examiner), kisha kinatumwa moja kwa moja kwa msajili. Fomu ya ziada ya daktari, iliyokuwa ikilipiwa pauni 82, imefutwa. Mkaguzi huwasiliana na familia kabla ya kuidhinisha, kwa hiyo wapeni hospitali namba ya mtu mmoja anayepokea simu hata namba ngeni. Simu isiyopokelewa inaweza kula siku nzima. Mwambieni mkaguzi mapema kwamba dini inawataka mfanye haraka. Kisheria mna siku 5 za kusajili tangu msajili apate cheti, lakini hakuna anayewalazimisha kuzimaliza. Msajili akishasajili, hutoa karatasi ya kijani ya kuruhusu kuzika au kuchoma.

Kifo cha ghafla, cha ajali au kisichojulikana chanzo huenda kwa afisa mchunguzi wa vifo (coroner). Hapo karatasi ya kijani hamtaipata kwa kuchoma. Yeye mwenyewe hutoa cheti kiitwacho Cremation 6. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba afisa hawezi kuweka kanuni ya kukataa kuzingatia dini anapopanga kesi ipi ianze. Haki hiyo haiwapi nafasi ya kwanza, inawapa kusikilizwa. Andikeni barua pepe fupi: jina la marehemu, dini, kwa nini haraka, na kama mnaomba picha za skani badala ya kupasuliwa. Skani mara nyingi hulipiwa na familia, na haitoi jibu kila mara.

Fomu ya maombi, Cremation 1, husainiwa na msimamizi aliyetajwa kwenye wosia au ndugu wa karibu mwenye miaka 16 au zaidi. Ndugu wa karibu hapa ni mume au mke, mzazi, mtoto, au jamaa aliyekuwa akiishi na marehemu. Mjomba wa mji mwingine anaweza kuomba, lakini lazima aeleze kwa nini si hao wengine. Fomu inauliza pia kama kuna ndugu asiyejulishwa au anayepinga. Jibuni kweli: pingamizi likizuka baadaye, daktari mwamuzi wa tanuri, anayeidhinisha kila uchomaji, anaweza kuzuia kila kitu hata wageni wakiwa wameshakaa.

Betri ya moyo (pacemaker) itolewe kabla. Hulipuka tanurini na kuharibu matofali ya ndani. Hili liulizwe siku ya kwanza, si jeneza likiwa limefungwa.

Sasa ibada yenyewe. Tanuri huwaka kati ya nyuzi 800 na 1000 na kazi huchukua kama saa moja na nusu, lakini ukumbi mara nyingi mnapewa nusu saa hadi dakika 45. Kwa mantra, maua na kuagana na watu 200, kodini nafasi mbili mfululizo. Ulizeni kwa maandishi: wangapi wataruhusiwa kuingia chumba cha tanuri, kama mtoto wa kwanza ataruhusiwa kubonyeza kitufe cha kuanzisha uchomaji, na kama kuna ngazi kwa wazee. Samli kidogo, mchele, majani ya tulsi na vipande vya sandali kwa kawaida hukubaliwa. Samli nyingi huwaka ghafla na kutoa moshi unaovunja masharti ya kibali cha hewa, na nazi nzima hupasuka kwa maji yake kuchemka, ivunjeni nje. Maji ya mto Ganga mwagieni, chupa ibaki. Viatu vya mpira, ngozi, miwani na simu vitoke.

Kara, bangili ya chuma ya Singasinga, haiungui. Itabaki ndani ya majivu, kwa hiyo kwenye sehemu ya fomu inayohusu vyuma ombeni irudishwe kwenu, la sivyo itakwenda kuyeyushwa pamoja na skrubu za mifupa. Kuhusu kirpan, kisu cha kidini cha Singasinga, ulizeni kila tanuri kivyake.

Moto wa kuni je? Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Davender Ghai dhidi ya Baraza la Newcastle, ilisema jengo lenye nafasi wazi paani na kutani linaweza kuwa jengo la kuchomea kwa maana ya sheria ya kuchoma maiti ya 1902. Ila vibali vya ujenzi na vya moshi vinabaki, na kuchoma nje ya jengo lililoidhinishwa bado ni kosa.

Muislamu asiye na ndugu, ambaye baraza la mji ndilo linalomzika, hatakiwi kuchomwa na baraza hilo likiwa na sababu ya kuamini alikataa. Kifungu cha 46 cha sheria ya afya ya umma ya 1984 kinakataza. Baraza haliwezi kukisia, hivyo jirani au msikiti ulifahamishe. Mwenye ndugu hana kinga hiyo: wosia kuhusu mwili haumbani kisheria msimamizi. Mteueni msimamizi wa imani yenu. Wakatoliki wanaruhusiwa kuchoma tangu 1963, ila majivu wasiyamwage.

Majivu ya mtu mzima ni kilo 2 hadi 3. Mtoni hamhitaji kibali, lakini msimwage ndani ya kilomita 1 kabla mto haujafika mahali pa kuchotea maji ya kunywa, na maua yawe bila waya wala plastiki. Wanaoyapeleka Haridwar, India, au Mombasa wabebe mkononi cheti cha kuchoma na cheti cha kifo, kwenye chombo cha mbao au plastiki: chuma huzuia mashine ya uwanja wa ndege kuona ndani, nanyi mtatakiwa kukiacha.