Kupiga kambi na marafiki ukiwa mjamzito: anza na njia ya kutokea

Mimi ni mkunga, na kulala hemani ni starehe yangu ya tangu usichana. Nilipokuwa na mimba ya wiki 24 nilikwenda kambi ya siku tatu na marafiki zangu watano. Tangu hapo nimewasaidia kina mama wengi kupanga safari kama hiyo, na swali huwa lile lile: "Dada, wenzangu wanaenda, na mimi naweza kwenda?" Wengi wao wanaweza. Ila kabla ya hema, godoro au chakula, nami huwauliza swali langu: ikibidi kutoka huko saa nane ya usiku, utatokaje? Ukishapata jibu la hilo, mengine yote yanapangika.

Hatua ya 1: Pita kliniki kwanza

Usiende kuomba ruhusa kwa ujumla tu. Sema wazi unakwenda wapi, kwa siku ngapi, na hospitali iko umbali gani. Mkunga au daktari akisikia "natembea kidogo na marafiki" atakujibu kwa safari nyingine kabisa.

Muda mzuri ni kati ya wiki ya 14 na ya 27. Kichefuchefu kwa wengi kimepungua, nguvu zimerudi, na tumbo bado halijawa zito la kukunyima usingizi. Kabla ya hapo hatari ya mimba kutoka ni kubwa zaidi, na kutapika ukiwa porini kunachosha mwili upesi. Baada ya wiki ya 28 bado inawezekana, lakini iwe karibu na iwe fupi. Ukifika wiki ya 36, mimi nakwambia baki jirani na mahali utakapojifungulia.

Kuna ambao nawaambia wasiende, na siwafichi: aliyetokwa na damu katika mimba hii, mwenye kondo la nyuma lililotangulia (lililokaa chini, likaziba au kukaribia mlango wa kizazi), mwenye shinikizo la damu lililopanda, mwenye upungufu mkubwa wa damu, aliyewahi kujifungua kabla ya wiki ya 37, na aliyeambiwa mlango wake wa kizazi ni dhaifu. Kambi itakuwepo mwakani.

Hatua ya 2: Pima mahali kwa saa, usipime kwa kilomita

Kilomita 20 za njia ya matope zinaweza kuwa mbali kuliko kilomita 70 za lami. Kipimo changu ni saa moja kwa gari, usiku, hadi hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji na kuongeza damu. Zahanati ya jirani ni msaada mzuri kwa mengi, ila mama anayetokwa na damu anahitaji zaidi ya hapo. Piga simu hospitali hiyo kabla ya kuondoka, uthibitishe kwamba inapokea wajawazito saa zote.

Uliza pia kama mvua ikinyesha njia inapitika, na kama kuna mtandao wa simu pale pale mahema yatakaposimama. Jibu la "upo ukipanda kile kilima" lichukulie kwamba haupo. Kama wewe si mkazi wa milimani, usilale juu ya mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi na mtoto anategemea hewa unayovuta wewe. Na kama sehemu yenyewe ina malaria, fikiria upya. Malaria humshika mjamzito kwa ukali, huweza kuharibu mimba au kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito waepuke kusafiri kwenda maeneo yenye ugonjwa huo. Anayeishi huko tayari hana pa kukimbilia, basi ahakikishe amemeza dozi zake za kinga kama kliniki ilivyompangia, na chandarua chenye dawa kimfuate hadi hemani.

Hatua ya 3: Kaa na wenzako, uwaambie kila kitu

Hatua hii nilikuwa siifikirii sana, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote.

Usiku wa kwanza wa ile kambi yangu niliamka tumbo limekaza kama ngoma iliyowambwa. Likalegea. Baada ya dakika chache likakaza tena. Nilikuwa nimetembea juani mchana kutwa na kunywa maji kidogo, kwa sababu sikutaka kuwasimamisha wenzangu kila mara nikitafuta kichaka. Nikamwamsha rafiki yangu, tukaenda kwenye magari. Gari letu lilikuwa limezibwa na mengine mawili. Ufunguo wa moja ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyelala hema la mwisho kabisa, na wa jingine hakuna aliyejua uko wapi. Tuliondoka pale baada ya dakika 40. Hospitalini walikuta mwili wangu umekaukiwa maji, wakanitundikia dripu, tumbo likatulia, na mtoto alikuwa salama. Lakini zile dakika 40, nimesimama gizani nimeshika bodi ya gari huku nikihesabu kila tumbo likikaza, sitaki mama mwingine azipitie.

Kwa hiyo kaeni chini kabla ya safari na mkubaliane mambo haya. Gari moja ni la kutokea: linaegeshwa mwisho, pua ikitazama barabara, lina mafuta ya kutosha, na hakuna anayeegesha mbele yake. Ufunguo wake una mahali pamoja panapojulikana na wote, mfano kwenye kamba nyekundu ndani ya mlango wa hema lako. Madereva ni wawili, na hao wawili hawanywi pombe siku zote za kambi. Nambari ya hospitali iwe kwenye simu zao, siyo kwenye yako peke yako.

Kisha mchague mmoja wa kukaa nawe karibu, awe anajua uko wiki ya ngapi, kundi lako la damu, na mahali kadi ya kliniki ilipo. Mwambie pia maneno haya: "Nikisema tuondoke, usinibembeleze tukae." Kundi la marafiki lina mvuto wake, mtu huona haya kuwaharibia wenzake starehe, akanyamaza. Mkikubaliana mapema, haya inapungua.

Hatua ya 4: Fungasha mkoba wako, abebe mwingine

Kadi ya kliniki iweke kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Vidonge vyako vya kuongeza damu vichukue vya siku zote na vya siku mbili za ziada. Ongeza paketi kadhaa za chumvichumvi ya kuchanganya na maji, parasetamoli, kipimajoto, pedi, na tochi ya kuvaa kichwani. Pedi nyeupe ina kazi kubwa: ukihisi unyevu usioeleweka, inakuonyesha kama ni damu, maji au ute wa kawaida.

Kagua na sanduku la dawa la kundi. Ibuprofeni usiiguse, hasa kuanzia wiki ya 20, maana huweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yaliyomzunguka. Vidonge vya kusafishia maji vyenye iodini navyo si vyako, kwa kuwa iodini nyingi huvuruga tezi ya shingo ya mtoto. Tafuta vya klorini. Dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali iitwayo DEET inakubalika kwa mjamzito ukifuata maelezo ya chupa. Paka sehemu za ngozi zilizo wazi tu, na nguo za mikono mirefu zifanye kazi iliyobaki.

Hatua ya 5: Njiani

Mkanda wa gari fungeni wote, na wewe upitishe ule wa kiunoni chini kabisa ya tumbo, ukilala juu ya nyonga, na ule wa juu katikati ya matiti. Simameni kila baada ya saa mbili, utembee dakika kumi. Ujauzito unafanya damu igande kirahisi, na miguu iliyokunjwa muda mrefu ndiyo inayopata shida hiyo.

Hatua ya 6: Simamisha hema kwa ajili ya usiku

Chagua eneo tambarare, mbali na ukingo wa maji, na lisiwe chini ya matawi makavu. Hema lako liwe karibu na choo kuliko mengine yote. Utaamka mara mbili, tatu, pengine tano, na kubana mkojo kunakaribisha maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Mchana bado upo, tembea ile njia ya chooni mwenyewe. Ondoa mawe, kata mizizi inayotega miguu, hakikisha kamba za mahema haziikatizi. Zifungie kitambaa cheupe zionekane. Viatu vyako viwe mlangoni, uvikung'ute kabla ya kuvaa.

Ndani, usilalie mkeka peke yake. Godoro la upepo ni zuri, ila lisijazwe likawa gumu, na uweke blanketi katikati ya godoro na sakafu kwa sababu baridi hupanda kutoka chini. Mfuko wa kulalia unaobana miguu utakukera unapogeuka. Ufungue zipu mpaka mwisho uutumie kama shuka zito. Lala kwa ubavu, wowote unaokustarehesha, mto mmoja kati ya magoti na mwingine mdogo chini ya tumbo. Kuanzia wiki ya 28 kuanza usingizi chali si salama, kwani uzito wa mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ukizinduka umelala chali usishtuke, geuka tu uendelee kulala. Mwenye kiungulia ainue upande wa kichwa na ale chakula cha jioni saa mbili au tatu kabla ya kujilaza.

Na hili ni agizo kwa kundi zima: jiko la mkaa, jiko la gesi, hata makaa yaliyoonekana kufa, visiingie hemani kwa sababu ya baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hiyo kwa nguvu kuliko ya mama na kuchelewa kuiachia, hivyo mama anaweza kuzinduka na kichwa kinachouma tu wakati mtoto ameumia zaidi. Kwenye moto wa nje, kaa upande unakotoka upepo.

Hatua ya 7: Maji na chakula

Maji yachemke kabisa, yatokote kwa dakika moja nzima. Mkiwa juu ya mita 2,000, dakika tatu. Tenga chupa zako mwenyewe zenye ujazo unaoujua, ili jioni useme kwa hakika umekunywa kiasi gani. Lita mbili na nusu hadi tatu ni lengo zuri, na kukiwa na joto zidisha. Mkojo uwe na rangi ya majani makavu hafifu. Ukigeuka kuwa kama chai, simama hapo hapo unywe.

Chakula chako kitoke motoni kikiwa moto. Nyama isibaki na wekundu ndani, yai liive hadi kiini, maziwa yawe yaliyochemshwa. Kuna bakteria aitwaye listeria anayeendelea kukua hata kwenye baridi ya kisanduku cha barafu, na mjamzito huathirika naye upesi kuliko watu wengine. Kilichopikwa kikikaa nje zaidi ya saa mbili, kitupwe. Jua likiwa kali, saa moja inatosha. Matunda yaoshwe kwa maji safi, umenye mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni kila ukishika udongo, kwa kuwa vimelea viitwavyo toksoplazma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hukaa humo.

Hatua ya 8: Mchana

Tembea mwendo ambao unaweza kuzungumza bila kuhema. Viungo vyako vimelegea na uzito wako umehamia mbele, ndiyo maana fimbo ya kutembelea ni bora kuliko mkono wa mtu. Kupanda miamba, kuendesha baiskeli kwenye mawe na kuruka majini waachie wenzako. Kuogelea taratibu kwenye maji safi kunapumzisha mgongo vizuri sana. Lala kivulini saa za jua kali, na uwe wa kwanza kusema "nimechoka".

Kila jioni, kama umefika wiki ya 28, jilaze kwa ubavu umsikilize mtoto. Michezo kumi ndani ya saa mbili ni dalili njema, ila unachotafuta hasa ni mtindo wake wa kila siku. Akipunguza kucheza, hilo si la kusubiri asubuhi.

Hatua ya 9: Yajue mambo ya kukutoa kambini papo hapo

Yaandike kwenye karatasi, yule rafiki yako awe nayo: damu yoyote ukeni, maji yanayotiririka au kuchuruzika, tumbo linalokaza kwa mpangilio kabla ya wiki ya 37 na halitulii hata ukinywa maji na kulala, kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, homa, mtoto kupunguza kucheza, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kuanguka ukagonga tumbo, degedege. Kwa lolote kati ya hayo, gari linawashwa kwanza, simu ya hospitali inapigwa mkiwa njiani, na mahema yanabaki yalivyo.

Ukisharudi nyumbani, jikague kupe kichwani, kwapani na kwenye kinena. Pale tumbo lisipokuruhusu kuona, mtu akusaidie. Na kama mlilala kwenye eneo la malaria, homa ikikujia wiki moja au zaidi baada ya safari, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na mwambie anayekupima kwamba ulilala kambini na kwamba u mjamzito.